Kwanza Alale, Maneno Baadaye

Mimi napenda kulala, na sioni haya kulisema. Tangu nirudi Kisauni nalala mchana baada ya chakula, usiku nalala mapema, na mjukuu wangu akiniuliza, "Nyanya, kwani wewe huchoki kulala?" namwambia aende akacheze huko, kuna miaka nafidia.

Nyinyi wasichana mnaojiandaa kwenda Jidda na Riyadh kuwapokea wenzenu waliopatwa na mambo mazito, mliniomba niwaeleze tulivyokuwa tukiendesha bweni. Mmoja wenu akaniuliza kwa simu nilisomea wapi ushauri nasaha. Aka! Nilicheka mpaka leso ikanidondoka. Mwanangu, mimi niliajiriwa kupika.

Bweni lenyewe lilikuwa la ofisi ya kuajiri wafanyakazi, nyumba ya orofa mbili huko Jidda, nyuma kidogo ya Balad, mji wa zamani. Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, Wakenya walikuwa wanashuka kila wiki. Wageni walilala kwetu wakingoja kafili, yaani yule bosi aliyewaagiza. Na wale waliotoka kwenye nyumba za watu kwa sababu hii au ile walirudi kwetu kungoja nyumba nyingine au tiketi ya kwenda kwao. Mimi nilipika, nikashika funguo, nikagawa magodoro. Mengine niliyaokota humo humo.

Kabla ya hapo nilikuwa Riyadh, mfanyakazi wa nyumbani kama nyinyi nyote mlivyoanza. Familia haikuwa mbaya, ila ilikuwa kubwa, na ikifika Ramadhani mchana unakuwa usiku na usiku unakuwa mchana. Wao walilala jua likiwaka. Mimi mchana nilifua na kupiga pasi, usiku nikapika na kuosha vyombo. Siku moja nikasinzia nimesimama, mkono uko juu ya pasi, pasi iko juu ya kanzu ya baba mwenye nyumba. Nilizinduliwa na moshi. Pale mgongoni palikuwa na tundu lenye umbo la pasi, zuri kabisa, kama limekatwa na fundi.

Nikajua leo narudishwa kwetu. Baba akaichukua ile kanzu, akaivaa juu ya nguo zake, akaenda sebuleni akamgeuzia madam mgongo. "Fatuma mafi nom," akasema, "kanzu mafi mgongo." Fatuma hana usingizi, kanzu haina mgongo. Madam alicheka hadi akakaa chini. Kuanzia siku hiyo nikaruhusiwa kulala asubuhi yote. Na siku ya kwanza niliyolala nikashiba, niliamka nikajikuta nalia, nakumbuka mazishi ya mamangu ambayo sikuyahudhuria. Miezi mingi nilikuwa nimeyapita tu, sina hata chozi. Nililia vizuri, nikanawa, nikaenda kupika sambusa. Sikuelewa kwa nini chozi lilingoja mpaka nilale kwanza. Nilikuja kuelewa Jidda.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Sumi, Mindonesia mfupi, mwenye kuamrisha kama mkuu wa shule, aliyekuwa msimamizi wa bweni kabla yangu. Tulizungumza Kiarabu chetu kile cha jikoni. Msichana akiletwa anatetemeka, mimi mbio namkalisha: nani kakufanya nini, lini, ilikuwaje, hebu sema, usifiche. Nilidhani ndiyo huruma. Bi Sumi alinivuta kwa mtandio mpaka jikoni. "Awal nom," akaniambia, kidole usoni, "baadeni kalam." Kwanza usingizi, maneno baadaye. Mpe chakula, mpe maji ya kuoga, mpe godoro, halafu funga mdomo wako.

Basi nikafunga mdomo, na mnaonijua mnajua si kazi ndogo.

Bi Sumi alikuwa na mambo yake, na nawapa yote bure. Mgeni hupewa godoro la ukutani, mgongo wake uguse ukuta na macho yake yaone mlango. Usimweke katikati ya chumba, na usimweke mahali ambapo mtu atapita nyuma yake. Mlango uwe na kitasa cha ndani na ufunguo alale nao mwenyewe mkononi, kwa sababu kuna waliotoka nyumba ambazo mlango wao ulifunguliwa na kila mtu. Taa ya ushoroba isizimwe. Na kumwamsha, usimguse. Simama mbali, gonganisha vikombe, ita jina lake polepole. Hilo mimi nilidharau. Nikamgusa msichana mmoja wa Nakuru bega, na kabla hajafumbua macho alikuwa ameshanitandika konde la mdomo. Hili jino langu lenye ufa, msimsingizie mume wangu, marehemu hakuwahi kuninyanyulia mkono. Ni la bweni.

Bi Sumi alipozeeka akarudi kwao, akaniachia funguo. Na mimi nikajiona sasa ni fundi. Ndipo akaletwa Nekesa.

Nekesa alikuwa wa Bungoma, mwembamba, mrefu, mkono wa kushoto umefungwa plasta, ametoka hospitali hapo hapo Jidda. Alikuwa akifanya kazi Riyadh. Mwezi wa Ramadhani familia yake ilisafiri kwa barabara kwenda Makka kufanya umra, magari mawili. La mbele lilikuwa la familia. La nyuma lilibeba mizigo, na ndani yake Nekesa na dereva wa nyumba ile, Mkenya wa Machakos, jina lake Mutua. Njiani lile la nyuma likapinduka. Mutua akafa. Hayo ndiyo aliyoniambia bosi wa ofisi, na akaongeza kwamba madam wake alikuja hospitalini akamlilia Nekesa kama mwanawe, na kwamba msichana mwenyewe anataka kurudi kwao. Karatasi zikiwa tayari ataondoka.

Nikampa godoro la ukutani, nikampa ufunguo, nikamwambia, "Lala, mwanangu." Akanijibu kwa adabu, "Asante, Mama Tima." Na hakulala.

Hakulala siku hiyo wala iliyofuata. Na si kwamba alikaa kimya analia, hapana. Aliongea! Yule mtoto aliongea kama redio ya kinyozi. Umemkuta anaosha sufuria, anakusimulia habari ya ng'ombe wa babu yake. Umeondoka umerudi, bado yuko kwa ng'ombe. Na wenzake wakilala anawaendea mmoja mmoja. "Sharon, umelala? Amka kidogo." Sharon akifumbua macho, Nekesa anasema, "Haya, lala," anahamia kwa mwingine. Wasichana walinijia wamevimba macho, wanataka ahamishwe, apelekwe hata stoo.

Tena kulikuwa na jambo la Otieno. Otieno alikuwa dereva wa ofisi, Mjaluo wa Kisumu, mkubwa wa mwili, mtu asiyesema ila ameulizwa, na hata ukimuuliza anafikiria kwanza. Kila akiegesha gari letu, Nekesa anatoka mbio. "Otieno, jana ulilala? Ulilala saa ngapi? Umekunywa chai? Si unywe nyingine?" Wasichana wakapata la kusema. Ati Nekesa kapenda. Wakimwona Otieno wanaimba, "Bwana harusi kaja!" Otieno anainama, anashusha magunia ya viazi. Mimi nami nikatia yangu, nikamuuliza atalipa mahari ya ng'ombe wangapi. Lo, tulivyokuwa hatujui kitu.

Ndugu zangu, dawa tulizomfanyia mtoto yule! Wasichana wa Kikristo waliamua kumfanyia kesha. Fikirini hapo: mtu halali, dawa yake ni kumsimamisha katikati na kumwombea usiku kucha. Waliimba kwa kunong'ona majirani wasisikie, wakapokezana, kila mmoja kwa sehemu yake. Asubuhi nikaingia chumbani, waombaji wote wameanguka wanakoroma, na Nekesa peke yake yuko macho, anawaamsha mmoja mmoja.

Wala sisi Waislamu tusijisifu. Mimi na dada wawili wa Lamu tulimsomea kisomo. Tukamketisha mbele yetu, tukampa na kikombe cha tangawizi kali kabisa, na kila kope zake zikishuka tukamgusa goti: usisinzie, mwanangu, si adabu kusinzia watu wanasoma. Alikuwa karibu kulala, wallahi, na sisi ndio tuliomkataza!

Baada ya hapo nikamchosha kwa kazi. Mazulia yote ya bweni tuliyapandisha darini tukayasugua, yeye kwa mkono wake mmoja mzima. Akachoka hata kijiko kikawa kinamtoka. Macho bado makavu, yako wazi. Nikajifunza kwamba kuchoka na kulala ni vitu viwili.

Karatasi zake zikawa tayari. Tukaingia garini mchana kwenda uwanja wa ndege, Otieno kwenye usukani, Nekesa kando yake, mimi nyuma na sanduku. Tangu gari linawaka Nekesa alianza kumsemesha Otieno, bila kupumua, sauti inapanda. Kwenye taa za barabarani Otieno, maskini, akapiga mwayo. Mwayo tu, wa kawaida, wa mtu aliyeshiba. Nekesa akapiga yowe ambalo sijalisikia tena maishani. Akafungua mlango akatoka katikati ya magari, akakaa kwenye ukingo wa barabara ameshika kichwa. Tulimbembeleza mpaka ndege ikaondoka. Kurudi bwenini tulitembea kwa miguu, mimi na yeye, Otieno akitufuata na gari taratibu, watu wanapiga honi.

Bosi alikasirika, na simlaumu sana. "Halas, imetosha, Mama Tima," akasema. "Namtafutia tiketi nyingine. Akishindwa tena, namkabidhi hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi ofisi yangu ni ya kuajiri watu."

Nilimwambia Nekesa ukweli, sikumficha. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza aliongea polepole. "Mama, kwetu kuna mtoto wangu, Simiyu. Nilimwacha akilala kifuani kwangu. Nikirudi hivi si nitamuamsha usiku wote nione kama anapumua? Nitamfanya awe kama mimi. Afadhali wanipeleke huko hospitali." Iliniuma vibaya sana. Nikaingia stoo nikalia kati ya vitunguu, ili nikiulizwa nipate cha kusingizia.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Baada ya sala ya adhuhuri Jidda nzima hulala. Maduka yanafungwa, barabara zinakuwa tupu. Sisi jikoni ndio wakati wa kuchambua mchele. Siku hiyo nilikuwa nabishana na Otieno habari ya samaki. Yeye, kwa maneno yake machache, ameniambia samaki wa ziwani ni mtamu kuliko wa bahari. Mimi wa Mombasa nisikie hayo ninyamaze? Nilimvaa! Nikampangia samaki mmoja baada ya mwingine, changu, tafi, kolekole, na namna kila mmoja anavyopikwa. Nimefika kwenye nazi, nikageuka, namwona Nekesa ameegemea gunia la mchele, mdomo wazi, amelala.

Mimi huyo, furaha imenishika, nikaweka kidole mdomoni. Shhh! Otieno akanyamaza. Sharon akaacha kuosha. Jikoni kimya.

Nekesa akashtuka akaruka wima. "Nani amelala? Nani?"

Nikasema moyoni, Fatuma, wewe punguani. Kesho yake wakati ule ule nilianza makusudi, nikamchokoza Otieno tena na samaki wake, nikaongea kwa sauti ya kawaida bila kusita, nikitazama kwa pembe ya jicho. Akalala. Nikinyamaza kidogo, kope zinatikisika. Nikiendelea, zinatulia. Yule mtoto hakutaka kimya. Alitaka mtu mwingine ashike maongezi.

Tukaweka zamu. Kila adhuhuri jikoni lazima awepo mtu anayeongea, na wengine wanamwitikia. Wa Lamu walisimulia harusi. Sharon alisimulia mawifi zake mpaka tukawachukia bila kuwaona. Otieno naye nikamlazimisha. Alikaa kwenye kiti, mikono magotini, akafikiria, akaanza: "Ukitaka kubadilisha oili ya injini, kwanza unaacha gari lipoe." Akaenda hivyo hatua kwa hatua, sauti nzito, haina haraka. Jamani! Alilala Nekesa, akalala Sharon, na mimi nusura nitumbukie kwenye karai. Mpaka leo naweza kubadilisha oili na sijawahi kushika usukani.

Nikajiona tena fundi. Nikawa namwacha alale mpaka magharibi, usiku anakesha, nami nasema si kitu, mradi kalala. Kwa bahati nilikuwa nimemtafutia miadi kwa daktari, mama mmoja wa Sudan mwenye kliniki jirani, nikaenda naye kumtafsiria. Daktari alisikiliza yote, akasema mambo ya kuongea jikoni ni mazuri sana, kisha akanisomesha. Usingizi wa mchana uwe mfupi, asubuhi aamke saa ile ile kila siku hata kama usiku amelala kidogo, na ile Neskafe niliyokuwa nampa baada ya alasiri iishe leo. Nikabisha, nikamwambia mtoto kalala kwa shida, leo tena nimwamshe? Akanijibu kwa upole kwamba usingizi wa usiku ndio tunaoutafuta, na mchana tunaukopa tu.

Nikamuuliza, kwani huo usingizi unafanya nini hasa? Akasema mtu akipatwa na jambo kubwa, akili yake inabaki imesimama mlangoni inalinda, na lile jambo linabaki ni la leo. Akilala vizuri, siku baada ya siku, akili inapata nafasi ya kulishika lile jambo na kuliweka kwenye mambo ya jana. Halifutiki, akasema, lakini linaacha kutokea upya kila saa. Na akampa Nekesa siku za kwenda kwake kuzungumza, pamoja na dawa kidogo ya kuanzia. Nikakumbuka chozi langu la Riyadh, nikamwelewa kabisa. Na niwaambie: msije mkajifanya madaktari. Penye daktari mpelekeni mtu. Kila alilonisahihisha yule mama lilikuwa sawa.

Usiku wa Nekesa ukaanza kurudi, kipande kipande. Ndipo siku moja adhuhuri akaamka mwenyewe pale kwenye gunia, Otieno yuko kwenye oili, akasema bila kuulizwa, "Mutua aliniambia nimwongeleshe."

Otieno akanyamaza. Mimi nilishikilia ungo wa mchele.

"Tulikuwa tumefanya kazi usiku wote, mimi na yeye. Tumepakia mizigo, tumefuturisha wageni, tumepika daku. Kwenye barabara akaniambia, 'Nekesa, macho yanakuwa mazito, niongeleshe nisilale.' Nikamwongelesha. Nilimwambia habari ya ng'ombe wa babu. Halafu nikalala, Mama. Nililala katikati ya maneno. Nilipoamka gari liko juu chini."

Kumbe ndiyo hiyo. Ndiyo maana aliongea, ndiyo maana aliwaamsha wenzake, ndiyo maana alimkimbilia Otieno wa watu tukamcheka. Niliona aibu ya wimbo wetu wa bwana harusi, na Sharon akaanza kulia pale kwenye sinki.

Nilitaka kumwambia si kosa lako. Lakini hospitali nzima ilikuwa imeshamwambia. Aliyesema ni Otieno, na alifikiria muda mrefu.

"Nekesa, mimi ni dereva. Usukani ni wa dereva. Macho yakiwa mazito unaegesha. Mutua alijua kuegesha, sisi wote tunajua. Pengine aliogopa kuachwa na gari la mbele, mimi pia nishaogopa hivyo. Lakini msaidizi wako akiwa hajalala na wewe hujalala, mko watu wawili wa kuegesha. Hakuna wa kumwongelesha mwenzake."

Nekesa alilia mpaka jioni. Nikamwacha alie. Usiku huo alilala, na hakumwamsha mtu.

Sitawadanganya kwamba ikawa halas. Ndoto zikaja. Mutua anamwita, "Niongeleshe," naye anafungua mdomo sauti haitoki. Hapo nikatumia la Bi Sumi: ndoto mbaya isimuliwe mchana, mikono ikiwa na kazi, na mwenyewe aimalizie anavyotaka. Nilimuuliza na daktari kwanza, akasema ndiyo, hata wao huwaambia wagonjwa wafanye hivyo. Tukiwa tunamenya viazi nikamwambia, haya, maliza wewe. Mara ya kwanza alishindwa. Siku za baadaye akasema, "Mutua anaegesha. Kuna kituo cha mafuta, kuna mtu anauza chai. Tunakunywa. Tunalaza viti, tunalala mpaka jua linatoka, halafu bosi anatupigia simu anagomba." Alicheka kidogo aliposema anagomba. Akawa anairudia kila siku, siku nyingine anaongeza mandazi. Na ndoto nayo ikaanza kulegea.

Otieno akawa na desturi yake. Asubuhi akishuka garini, kabla ya salamu, anamwendea Nekesa: "Nimelala vizuri jana." Siku moja alikuja akasema, "Jana sikulala vizuri, kwa hivyo leo nimemwambia bosi siendeshi mbali." Niliona uso wa Nekesa ukifunguka kuliko siku zote.

Tiketi ikaja. Bosi akasimama mlangoni, ananitazama mimi. Nilikuwa na hofu, nisiwafiche. Kama angetoka tena katikati ya barabara, kesho yake angekuwa kwenye kitanda cha hospitali ile, na Simiyu huko Bungoma angeambiwa mamako mgonjwa.

Ilikuwa asubuhi. Otieno akafungua mlango, akasema, "Nimelala mpaka jua limenikuta kitandani." Nekesa akatazama kiti cha mbele, kile alichozoea. Nikamtangulia nikakaa mimi, na mwili wangu huu, nikafunga mkanda kwa taabu. "Leo wewe nyuma," nikamwambia. "Zamu ni yangu."

Akaingia nyuma. Mikono imeshika kiti changu. Gari likatoka.

Nikaanza kuongea. Nilimwongelesha Otieno kutoka Balad. Nilimaliza samaki, nikaingia kwenye biriani, nikatoka kwenye biriani nikaingia harusi yangu, fundi aliyeharibu gauni, mjomba aliyelewa. Otieno anaitikia, "Ehe. Ehe." Kwenye taa zile zile za mwayo, mikono ilikaza kiti changu, nikasikia pumzi yake inakuwa fupi. Sikugeuka. Nikaongeza sauti. Nikamuuliza Otieno oili inabadilishwa vipi, naye, Mungu ambariki, akaanza upya, kwanza unaacha gari lipoe.

Barabara ya Madina ikafunguka mbele yetu. Tulipopita mtaa wa Nuzha nikahisi kiti changu kimekuwa chepesi. Mikono imeachia. Otieno akatazama kioo, akanitazama mimi, nami nikaendelea tu, hata sijui nilikuwa nasema nini, naona nilirudia mjomba mara mbili.

Uwanjani Otieno alitafuta kivuli, akaegesha, akazima injini. "Mama Tima," akanong'ona, "tumefika."

Nilikuwa nimebakiwa na neno moja la mwisho kwenye hadithi ya mjomba. Sikulisema. Nikanyamaza, na kimya kikaingia garini. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe, nikageuka polepole.

Nekesa alikuwa amelaza shavu kwenye kioo, amelala, na kimya hakikumwamsha. Muda wa ndege tulikuwa nao. Nikaziba mdomo kwa mtandio, nikalia kwa raha, nikamwacha alale.